Fuata Muamala Mmoja hadi Mwisho: Mwongozo wa Kutambua Viungo vya Mchakato Kabla ya Kuunganisha Mifumo

Swali hili linanijia kila mara, kwa sura tofauti. "Nimepewa kazi ya kuunganisha Paybill ya shule na mfumo wa karo, nianzie wapi?" (Paybill ni nambari ya M-Pesa ambayo taasisi hupokelea malipo.) Mwingine anauliza kuhusu chama cha akiba na mikopo, mwingine duka la jumla, lakini swali ni moja. Na mara nyingi anayeuliza ameshafungua akaunti kwenye Daraja, jukwaa la Safaricom la watengenezaji programu. Ameshapata funguo zake za kuingilia na programu ameshaiandika nusu. Kilichomkwamisha si programu. Hajajua mchakato wenyewe una viungo gani, yaani sehemu zipi zinazouunda, kwa hiyo hajui programu yake ifanye nini siku mambo yakienda kombo.

Mwongozo huu ni wa kazi ya kabla ya programu. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: karo ya shule inayolipwa kwa Paybill hapa Kenya. Nimeuchagua kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya mara nyingi, na ndiyo yenye mitego mingi. Ukiwa Tanzania unashughulika na lipa namba, majina ya vitu yatabadilika, hatua zitabaki hizi hizi.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Ruhusa ya kukaa na mhasibu akiwa kazini, si kwenye mkutano. Asubuhi mbili nzima zinatosha kuanzia, na moja kati yake iwe wiki ya kufungua shule.
- Taarifa ya miamala ya M-Pesa ya mwezi wenye pilikapilika, iliyopakuliwa kutoka tovuti ya biashara, pamoja na daftari la karo la mwezi huo huo.
- Karatasi kubwa na kalamu za rangi mbili. Programu za kuchorea zina wakati wake, baadaye.
- Mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho: mkuu wa shule, mkurugenzi, au mwenyekiti wa bodi. Kuna maamuzi utakayoyakuta ambayo si yako wala si ya mhasibu.
- Utaratibu wa kulinda majina. Taarifa hizo zina majina ya watoto na nambari za simu za wazazi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu wewe pia. Usizipige picha ukazituma WhatsApp. Fanyia kazi pale pale shuleni, au ufiche majina kabla hujaondoka nazo.

Hatua ya 1: Andika mchakato kwa sentensi moja

Sentensi iwe na mwanzo, mwisho na mtu anayenufaika. "Kuunganisha M-Pesa na mfumo wa shule" si mchakato, hilo ni jina la kazi yako. Mchakato ni huu: "Mzazi akilipa karo kwa Paybill, deni la mwanafunzi lipungue kwa kiasi hicho na mzazi apate risiti ya shule."

Angalia sentensi hiyo imekupa nini. Inaanza mzazi anapolipa na inaisha risiti inapomfikia. Kutoza karo mwanzo wa muhula ni mchakato mwingine, na kurudisha pesa kwa mzazi aliyehamisha mtoto ni mwingine tena. Utavikuta vikigusana na huu, lakini usivichanganye kwenye mchoro mmoja. Ukishindwa kuandika sentensi moja, huenda una michakato miwili mkononi.

Hatua ya 2: Kaa na anayeifanya kazi kwa mkono

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na mwongozo mzima umesimama juu yake.

Nilikaa na mhasibu wa shule moja ya Mombasa, Januari, wiki ya kufungua. Mama wa makamo, ana miaka mingi kwenye kiti kile. Aliniambia mapema, "Kazi yangu nyepesi, mwanangu. Pesa ikiingia, naandika." Nikamwomba tufuate mstari mmoja wa taarifa ya M-Pesa, wowote ule. Akaweka kidole kwenye malipo ya shilingi 18,500. Mahali pa nambari ya akaunti, mzazi alikuwa ameandika "4172 na 4180".

Akanyamaza kidogo. Kisha akavuta droo, akatoa daftari la jalada la bluu, akafungua ukurasa uliochakaa pembeni. "Huyu ana watoto wawili. Tunamaliza deni la mdogo kwanza, kinachobaki kinaenda kwa mkubwa."

"Imeandikwa wapi hiyo, Mama?"

"Haijaandikwa. Tulielewana."

Kama ningeanza na programu, malipo yale yangekataliwa au yangemwangukia mtoto mmoja, na mwingine angerudishwa nyumbani kufuata karo ambayo imeshalipwa. Kanuni muhimu kuliko zote kwenye mchakato ule ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja na kwenye daftari la bluu.

Kwa hiyo chukua taarifa uliyopakua, chagua mistari isiyofanana (mkubwa, mdogo, wa usiku, wenye akaunti ya ajabu) na kwa kila mmoja uliza maswali haya sita. Andika majibu kwa maneno yake, usiyafasiri:

a) Ulijuaje kwamba pesa imeingia?
b) Uliangalia wapi kujua ni ya nani?
c) Uliamua nini, na kwa nini?
d) Uliandika wapi, na mara ngapi?
e) Nani anasubiri ukimaliza?
f) Ingekuwaje kama hii ingekosewa?

Hayo sita ndiyo viungo vya mchakato. La kwanza linakupa kianzio, la pili data, la tatu kanuni, la nne kazi, la tano makabidhiano, la sita yasiyo ya kawaida. Hatua zinazofuata ni kukichukua kila kimoja na kukinyoosha.

Onyo: usimuulize mhasibu "mchakato wako ukoje?" Atakueleza unavyopaswa kuwa. Mwombe akuonyeshe ya jana.

Hatua ya 3: Tafuta kianzio cha kweli

Kianzio ni lile tukio linaloiamsha kazi. Kuna vya aina tatu: jambo limetokea (malipo yameingia), saa imefika (kila asubuhi taarifa inapakuliwa), au mtu ameamua (mhasibu amebonyeza kitufe). Mchakato mmoja unaweza kuwa na zaidi ya kimoja. Kwenye karo utakuta Paybill, hati ya benki anayokuja nayo mzazi, hundi ya mfadhili, na pesa taslimu mezani. Viorodheshe vyote hata kama unaunganisha kimoja tu, maana vyote vinaishia kwenye deni lile lile.

Sasa kuna mahali wengi wanajikwaa. Mzazi akilipa kwa Paybill, M-Pesa inaweza kukutumia ujumbe mara mbili kwa malipo hayo hayo, na kila ujumbe una maana yake. Wa kwanza ni ombi la uhakiki: pesa bado haijahama, unaulizwa kama unaitambua akaunti iliyoandikwa. Huduma hii si lazima, huwashwa kwa kuomba. Wa pili ni uthibitisho: pesa imeshaingia. Kianzio chako ni uthibitisho. Nimeona mfumo uliopunguza deni kwenye uhakiki. Malipo yakikwama baada ya hapo, mtoto anabaki amelipiwa hewa.

Na ukitumia STK Push, yaani lile ombi linalotokea kwenye simu ya mzazi likimtaka aweke PIN, kuna mtego unaofanana. Ukituma ombi unapata jibu la papo hapo lenye sifuri. Sifuri ile inasema ombi limepokelewa, basi. Haisemi mzazi amelipa. Matokeo yanakuja baadaye kwenye anwani ya mtandao uliyotoa: hapo 0 ndiyo malipo yamekamilika, 1 salio la mzazi halitoshi, 1032 ameghairi, 1037 simu haikupatikana au hakujibu kwa wakati, 2001 PIN si sahihi. Ukikosea kutofautisha sifuri hizi mbili utatoa risiti kwa watu wasiolipa.

Hatua ya 4: Orodhesha wahusika, na useme kila data ina mwenyewe

Wahusika ni watu na mifumo, wote pamoja. Kwenye mfano wetu: mzazi, M-Pesa, programu yako ya katikati, mfumo wa karo, mfumo wa ujumbe mfupi, mhasibu, mkuu wa shule. Chora safu moja kwa kila mmoja kwenye ile karatasi kubwa.

Kisha uliza swali ambalo huonekana dogo: mifumo miwili ikipishana, ya nani inaaminiwa? Pesa kiasi gani imeingia, M-Pesa ndiyo yenye neno. Mwanafunzi huyu ni nani na anadaiwa kiasi gani, mfumo wa karo ndio wenye neno. Programu yako haina neno kwenye lolote kati ya hayo. Inabeba tu na kuweka kumbukumbu ya ilichobeba. Mara tu programu ya katikati inapoanza kutunza deni lake yenyewe, una madeni mawili ya mtoto mmoja, na kabla muhula haujaisha hayatafanana.

Hatua ya 5: Ipitie data, sehemu moja moja

Chukua ujumbe halisi wa uthibitisho (kwenye mazingira ya majaribio unapata wa mfano) uweke kando ya fomu ya mfumo wa karo. Kwa kila sehemu andika: inatoka wapi, inaenda wapi, na inabadilika vipi njiani. Hizi ndizo zinazosumbua:

Nambari ya muamala, TransID, ndiyo kitambulisho chako. Haijirudii. Mengine yote mlipaji anaweza kuyarudia: kiasi kile kile, akaunti ile ile, siku ile ile. Wazazi hulipa mara mbili kwa makusudi.

Nambari ya akaunti, ile BillRefNumber, ni maandishi ya binadamu aliyesimama kituo cha matatu. Mwanafunzi wa nambari 4172 utamwona kama "4172", "ADM4172", "adm 4172", "4172 Juma G4", na "41 72". Nyingi zinasafishika: ondoa nafasi, ondoa herufi za mwanzo, tafuta tarakimu. Lakini amua mapema unasafisha hadi wapi. Kuondoa nafasi ni kusafisha. Kukisia kwamba "4127" alikusudia 4172 ni kubahatisha na pesa ya mtu.

Nambari ya usajili inayoanza na sifuri, mfano 0093, hupoteza sifuri zake ikipita Excel. Itunze kama maandishi, si kama tarakimu za kuhesabu.

Nambari ya simu unayotuma kwenye STK Push huandikwa kwa muundo wa 2547 na kuendelea, wakati mfumo wa shule una 07 na kuendelea, au +254, au nambari mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju. Na usipange kumtambua mzazi kwa simu aliyolipia: kwenye ujumbe wa Paybill nambari ya mlipaji huja ikiwa imefichwa, na hata ingekuwa wazi, karo hulipwa na mjomba, na shangazi aliye Muscat akipitia kwa ndugu, na hata wakala.

Kiasi hugonga ukuta pia. Muamala mmoja wa M-Pesa una kikomo cha shilingi 250,000, kwa hiyo anayelipa zaidi ya hapo ataleta vipande viwili au vitatu. Kila kipande ni muamala kamili wenye nambari yake.

Na saa. Mhasibu akikuambia taarifa inapakuliwa "saa mbili", andika 08:00 kwenye mchoro papo hapo, mbele yake. Nimekuta kazi ya usiku iliyopangwa 02:00 kwa sababu mtu aliandika alichosikia.

Hatua ya 6: Toa kanuni vichwani, uziandike

Kila mahali mhasibu aliposema "inategemea", pana kanuni. Kwenye mchoro weka almasi, andika swali ndani yake, na majibu kwenye mistari inayotoka. Ndiyo alama inayotumika kwenye BPMN, ule mtindo wa kuchora michakato wenye duara kwa tukio, mstatili wenye pembe za mviringo kwa kazi, na almasi kwa uamuzi. Alama hizo tatu pamoja na safu za wahusika zitakufikisha mbali. Usijifunze nyingine hadi uzihitaji.

Andika kanuni kwa umbo la "ikiwa… basi… la sivyo…". Ile ya 4172 na 4180 iliandikwa hivi: ikiwa akaunti ina nambari mbili za usajili, na wote wawili wana mzazi mmoja kwenye mfumo, basi malipo yazibe deni la mdogo kwanza, kinachobaki kiende kwa mkubwa, la sivyo, yaende kwa mhasibu ayaamue kwa mkono. Tulipoisoma kwa sauti, mhasibu akaongeza mwenyewe, "Ila kama mkubwa ni mtahiniwa. Hapo tunaanza na mkubwa." Hilo halikutoka siku ya kwanza. Kanuni huzaa kanuni ukizisoma kwa sauti.

Baadhi utazikuta zinahitaji yule mwenye kauli. Mfano mkubwa ni uhakiki. Akaunti isiyojulikana ikatwe mlangoni, mzazi abaki na pesa yake? Au ipokelewe, mwenyewe atafutwe baadaye? Mhasibu wangu alitaka ipokelewe, kwa hoja kwamba pesa ya karo ikirudi kwenye simu huwa haikawii kupata matumizi mengine. Mkuu wa shule alitaka ikatwe, amechoka na pesa zisizo na mwenyewe. Wote wana sababu. Wewe peleka swali, leta jibu, liandike pamoja na jina la aliyeamua na tarehe.

Kuna pacha wa swali hilo ambaye husahauliwa: seva yako ikinyamaza wakati M-Pesa inahakiki, malipo yakubaliwe au yakataliwe? Unalijibu wakati wa kusajili anwani zako, kwa kuchagua neno Completed au Cancelled. Watu hunakili mfano wa kwenye nyaraka bila kufikiri, kumbe wamechagua kitakachotokea umeme ukikatika asubuhi ya kufungua shule.

Hatua ya 7: Weka alama kwenye kila makabidhiano

Popote mstari unapovuka kutoka safu moja hadi nyingine, hapo kuna makabidhiano, na hapo ndipo muunganisho wenyewe ulipo. Chukua kalamu ya rangi ya pili uyazungushie yote. Kwa kila moja jibu: nani anaanza kuongea, kwa ufunguo gani, jibu linasubiriwa kwa muda gani, na kimya kinamaanisha nini.

Kutoka M-Pesa kuja kwako, wao ndio wanaongea. Wewe unatakiwa uwe na anwani ya HTTPS, yaani anwani ya mtandao iliyo salama, inayofikika muda wote. Kutoka kwako kwenda Daraja, wewe ndiwe unaongea, na tokeni yako ya kuingilia huisha baada ya saa moja, kwa hiyo programu ijue kuomba nyingine. Kutoka kwako kwenda mfumo wa karo, huenda hakuna API kabisa, yaani mlango wa programu moja kuongea na nyingine. Kuna faili la kupakia tu. Hayo nayo ni makabidhiano halali. Yaandike yalivyo.

Usisahau yale ya binadamu. Sekretari anayempigia mhasibu kuuliza "fulani amelipa?" ni makabidhiano, na hutokea mara nyingi kuliko yote.

Hatua ya 8: Kusanya yasiyo ya kawaida, na uyape pa kukaa

Rudi kwenye majibu ya swali la (f). Tengeneza orodha: akaunti haijulikani, mwanafunzi amehama, malipo yamezidi deni, mzazi ameomba muamala urudishwe, ujumbe umekuja mara mbili, ujumbe haukuja kabisa. Kwa kila moja andika nani anajulishwa, pesa inakaa wapi kwa sasa, na ina muda gani kabla haijawa tatizo.

Pesa isiyo na mwenyewe iwe na akaunti yake ya muda ndani ya mfumo, inayoonekana kwa mhasibu kila asubuhi kama orodha. Isikae kwenye barua pepe ya makosa inayomjia mtengenezaji programu.

Ujumbe unaojirudia nauzungumzia kwa uchungu, kwa sababu ulinipata. Kwenye shule moja ya mwanzo mwanzo niliyoihudumia, ujumbe wa malipo yale yale ulishughulikiwa mara mbili, kwa kuwa programu yangu ilichelewa kujibu na sikuwa nimeweka kizuizi. Deni la mtoto likapungua mara mbili. Mzazi hakusema kitu, nani angesema? Muhula uliofuata shule ilipomdai tofauti, aliona anaonewa, na alikuja ofisini na risiti mbili mkononi, zote halali kwa macho yake. Kuanzia siku ile, kitu cha kwanza ninachoandika kwenye hifadhidata ni sharti kwamba TransID moja haiwezi kuingia mara mbili. Pokea ujumbe, uhifadhi, jibu kwamba umepokea, ndipo ufanye kazi nyingine.

Hatua ya 9: Chagua kipimo cha kila siku

Juu ya viungo vile sita, unahitaji kitu cha kukuambia mchakato ni mzima. Kwa karo ni kulinganisha hesabu: upande mmoja, jumla ya M-Pesa ya jana, na upande wa pili, jumla iliyoingia kwenye madeni ya wanafunzi ukijumlisha iliyo kwenye akaunti ya muda. Lazima zilingane hadi shilingi. Chukua upande wa M-Pesa kutoka taarifa ya biashara, si kutoka kumbukumbu za programu yako, maana ujumbe ambao haukukufikia haumo kwenye kumbukumbu zako.

Hatua ya 10: Msomee mhasibu mchoro

Usimtumie. Kaa naye, weka kidole kwenye duara la kwanza na umsimulie muamala mmoja wa kweli hadi risiti. Chukua wa kawaida, kisha wa akaunti mbovu, kisha ule wa watoto wawili. Atakukatiza. Kila atakapokukatiza, rekebisha kwa kalamu mbele yake. Ukimaliza mistari mitatu bila kukatizwa, fungua kompyuta.

Mambo yakigoma

*Ujumbe wa malipo haufiki kabisa.* Hakikisha anwani zimesajiliwa kwenye mazingira halisi, si ya majaribio tu, na kwamba ni HTTPS yenye cheti halali. Angalia pia maneno ndani ya anwani yenyewe: anwani yenye neno mpesa au safaricom hukataliwa. Kisha tazama ukuta wa usalama wa seva.

*Baadhi hufika, baadhi hapana.* Usijenge juu ya matumaini kwamba ujumbe uliokosekana utatumwa tena. Ulinganisho wa hatua ya 9 ndio unaokuonyesha iliyokosekana, na kuna huduma ya Daraja ya kuulizia hali ya muamala mmoja mmoja.

*Jumla za siku hazilingani, za mwezi zinalingana.* Karibu kila mara ni saa. Seva nyingi hutumia saa ya dunia (UTC), iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Mzazi akilipa saa saba usiku, seva inaandika jana yake saa nne usiku. Malipo yote ya kati ya saa sita na saa tisa usiku yanahamia siku isiyo yake. Weka seva au ripoti kwenye saa ya Nairobi.

*Tofauti ni shilingi chache, kila siku.* Angalia nani analipa gharama ya muamala kwenye Paybill hiyo. Kama ni shule, makato yanaonekana kwenye taarifa na yanahitaji mstari wake kwenye hesabu. Si karo iliyopotea.

*Akaunti ya muda inazidi kujaa.* Soma yaliyomo kabla ya kugusa programu. Kama makosa ni ya aina moja, mfano wazazi wa Gredi ya 1 wanaandika jina la mtoto, tatizo lipo kwenye karatasi ya maelekezo waliyopewa siku ya usajili. Badilisha karatasi.

*Mhasibu bado anaandika kwenye daftari la bluu.* Usimkataze na usimsemee kwa mkuu. Mwombe ukurasa wa wiki hii, soma kila mstari, na kwa kila mmoja uulize tena, "Hapa uliamua nini, Mama?" Kisha rudi hatua ya 6.